Mteja wa Kubuni Alipokuja Kuchukua Asali Yake

Mimi si msemaji. Niliosoma nao shule ya msingi Bukene watakwambia kwamba nilikuwa radhi kuchapwa kuliko kusimama mbele ya darasa. Sasa mtu kama mimi atunge kisa kizima, halafu akae kukiandika polepole neno kwa neno, ili apate nini? Nimekiandika kwa sababu kilinipata mwenyewe, hapa hapa Tabora mjini, na jua lilikuwa bado linaonekana.

Nakaa kwa dada Zuhura, binti wa mama mkubwa. Kazi yake ni kutengeneza tovuti. Msimu huu aliwatengenezea akina mama wafuga nyuki wa Kaliua tovuti ya kuuzia asali. Mteja anajaza jina, mahali anapokaa na kiasi anachotaka, anabonyeza "Agiza", na tovuti inamjibu: "Asante, tumepokea agizo lako." Akina mama walikuwa wamemkatalia mlanguzi msimu mzima wakiisubiri tovuti hiyo. Asali ilikuwa imejaa majumbani mwao mpaka mvunguni. Tovuti ikishindwa, wangemrudia mlanguzi vichwa chini, na dada Zuhura asingethubutu tena kukanyaga Kaliua.

Mimi nilikuwa hapo kwa dada, najaza kwenye chupa na madumu asali waliyotuletea ya kuanzia. Wateja walinitisha, kwa hiyo dada akanifundisha kazi isiyohitaji kuongea: kuifanya kompyuta iijaribu tovuti yenyewe. Si ngumu kama unavyodhani. Unaiandikia hatua kwa hatua: fungua ukurasa, andika jina hapa, bonyeza pale, angalia kama neno "Asante" limetokea. Likitokea, unapata alama ya kijani. Lisipotokea, nyekundu. Ukishaandika, basi, kompyuta inafungua kivinjari, ile programu ya kuonea tovuti, na herufi zinajiandika bila mkono wa mtu. Mara ya kwanza nilikimbilia uani. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Jaribio linahitaji mteja wa kubuni. Dada alisema niandike "Jaribio" tu, lakini mimi niliona si adabu kumwita mteja hivyo. Nikamwita Feruzi Njiandefu, mpagazi, wa Kwihara. Bibi alikuwa akituhadithia habari za wapagazi waliopita kule na mizigo begani wakielekea pwani. Nikamwagizia dumu la asali ya nyuki wadogo. Kila asubuhi Feruzi aliagiza, na kila asubuhi nikapata kijani changu, nikaenda kunywa uji.

Jioni ile tulikuwa tunangojea kesho yake, siku ya kuifungua tovuti kwa watu wote. Dada alikwenda stesheni kuwapokea akina mama. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, tope limejaa mlangoni. Nikasikia njuga.

Akaingia mwanamume mrefu, mzigo begani umefungwa kwa kamba za magome, njuga zimemzunguka vifundo vya miguu. Miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini. Vumbi, na mvua ile!

"Mwangaluka," akasema. Kwetu hiyo ni salamu ya asubuhi.

"Shikamoo," nikajibu. Sauti ilinitoka kama ya kifaranga.

"Marahaba. Nimefuata asali yangu. Feruzi Njiandefu, wa Kwihara."

Niamini, nilishika meza kwa mikono yote miwili. Jina lile halikuwa la mtu. Nililitunga mimi, pale pale nilipokuwa nimeketi!

"Umemeza ulimi, kijana?" akauliza. "Kila asubuhi mnaniambia asante, mmepokea. Asante, asante! Nitaitowelea ugali? Wenzangu njia nzima wananicheka: Feruzi, leo tena umebeba asante?"

"Wako wapi hao wenzako?"

"Si hao hapo nje."

Nje hapakuwa na mtu. Lakini njuga nilizisikia, nyingi, kama watu wanaobadilisha mguu wa kusimamia.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilifanya anachofanyiwa mteja yeyote. Nilifungua ukurasa wa muuzaji, mahali maagizo yanapoingia, nilitafute agizo lake. Sikuwahi kuufungua hata siku moja. Ningeufungulia nini, na kijani ninacho? Ukurasa ulikuwa mtupu. Hapo ndipo nilipopata baridi, tena kuliko ile ya kumwona mgeni. Tovuti ilikuwa inasema asante, kisha inalitupa agizo. Kesho watu wangeagiza, wangeshukuriwa, na akina mama wangebaki na asali yao mvunguni.

"Baba, agizo lako halikufika," nikasema. "Kosa ni letu. Nisamehe."

"Kumbe unajua kusema!" Akacheka.

Nikashusha dumu rafuni, nikampa kwa mikono miwili. Akaliweka juu ya mzigo, akatoka. Nilipochungulia, tope la mlangoni halikuwa na unyayo hata mmoja. Njuga zilikuwa zinafifia upande wa Kwihara.

Dada alipofika na akina mama, nikawaeleza yote.

"Umempa asali mtu wa kwenye kompyuta?"

"Alikuwa amechoka, dada."

"Mwacheni," akasema Mama Pili, mkubwa wao. "Mwenzetu ameshapata mteja. Sisi bado."

Walicheka sana. Dada naye alicheka, mpaka alipoutazama ukurasa wa muuzaji. Akavuta kiti. Akaniambia niongeze hatua kwenye jaribio langu: baada ya "Asante", nenda ukurasa wa muuzaji, mtafute Feruzi. Nikaongeza. Nyekundu! Dada akapekua, akakuta tovuti inashukuru kabla ya kuhifadhi chochote. Akarekebisha. Tukajaribu tena: kijani. Akina mama wakapiga vigelegele kwa ajili ya rangi.

Kesho yake maagizo yaliingia, na yote yalionekana. Mlanguzi hakupata hata tone. Na pale mlangoni tulikuta dumu letu, tupu, limeoshwa likatakata. Dada hacheki tena habari hiyo. Mimi siku hizi nawajibu wateja mwenyewe. Ukishaongea na Feruzi, mteja wa kawaida atakutisha kwa lipi? Yeye bado anaagiza kila asubuhi, ila sasa agizo likishaonekana limefika, jaribio linalifuta kwa heshima, asidai kitu.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, nisikilize. Usiridhike na asante. Lifuate agizo mpaka linapofikia, kisha ulifute. Nina rafiki yangu kule Ziba anajifunza, anaijaribu tovuti ya mnada wa mifugo. Mteja wake wa kubuni ananunua fahali kila asubuhi, na hajawahi kumfutia hata agizo moja. Nilipomsimulia haya alicheka. Nikamwuliza tu kama zizi lao lina fahali wa kutosha.