Nyumba Iliyoondolewa Mume

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameshika masjala ya hospitali, chumba cha mafaili kilicho nyuma ya dirisha la dawa, na watu walishamzoea kwa jina la Mama Faili ingawa hakuwa amejaliwa mtoto. Daktari akipoteza karatasi, anamkimbilia yeye. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye mdomo usio na breki akiwa na wenzake, lakini mbele ya faili aligeuka mtu mwingine. Aliamini kwa dhati kwamba kisichoonekana kwenye faili hakipo, na kwamba karatasi moja iliyokaa pabaya inatosha kumwangusha mtu. Imani hiyo ilimweka kazini miaka yote, na ndiyo iliyokuja kumponza.

Mume alimpatia hapo hapo kazini. Alikuwa fundi wa mafriji, mgeni kutoka nchi ya mbali, aliyeletwa kufunga chumba cha baridi cha kutunzia dawa. Wauguzi walimwita Fundi Baridi. Alikuja masjala kuazima kalamu, akarudi kuirudisha, akarudi kuiazima tena, mpaka hata mfagiaji akajua mambo yameiva. Wakafunga ndoa kwa msajili, wakakaa pamoja kwenye vyumba viwili uani kwa dada yake mkubwa. Kazi ya hospitali ilipoisha pamoja na kibali chake cha kazi, alibaki kwa viza ya utalii; nayo ilipokaribia kwisha, bwana akafunga begi akaondoka siku mbili kabla ya tarehe, maana alikuwa mtu wa kufuata sheria mpaka inaudhi. Wiki tatu baadaye Mama Faili akajua ana mimba.

Mimba mbili zilishaharibika huko nyuma, kabla ya mume huyu, na ya pili nusura iondoke naye. Safari hii daktari alisema atajifungua kwa upasuaji. Wanawake wengine huambiwa hivyo wakaenda nyumbani kulala. Yeye alikuwa ndiye anayepanga mafaili ya waliofariki, na alijua wangapi waliingia chumba kile wakicheka. Aliogopa, na hakuna haja ya kulipamba neno hilo. Aliogopa kufa, na alitaka mumewe awe mlangoni siku hiyo.

Kibali cha ukaazi wa mwenza huchukua mwaka na nusu. Mtoto asingengoja. Kwa hiyo wakaomba tena viza ya utalii, mume huko kwao akipeleka barua ya mwajiri, yeye huku akijaza fomu ya mwenyeji. Jibu likaja kwa ujumbe wa simu: afisa wa uhamiaji atatembelea nyumba ya mwenyeji ndani ya wiki moja. Siku haikutajwa.

Dada mtu alikuwa na maoni, kama kawaida yake.

"Mdogo wangu, hao wanakuja kuangalia kama jamaa atazamia, asirudi kwao. Yule mwalimu wa mtaa wa pili mkewe alinyimwa kwa nini? Walikuta nguo zake zimetundikwa kabatini. Wakasema huyu si mtalii, huyu anahamia."

"Sasa nifanyeje?"

"Si we ndiye wa mafaili? Toa kinachoharibu."

Akatoa. Alianza na viatu vya kazi vilivyokuwa chini ya kitanda, ikafuata ovaroli ya buluu, wembe, kikombe kikubwa ambacho bwana huyo hakukubali kunywea kingine, taulo, kandambili. Picha ya harusi aliishusha mwisho, akaifunga kwenye shuka, vyote vikaenda chumbani kwa dada ng'ambo ya uani. Alitia hata mswaki mfukoni. Alipomaliza alisimama katikati ya chumba akakiona safi.

Siku tatu hakuja mtu. Gari likipunguza mwendo barabarani, anaacha kula. Siku ya nne, mchana kweupe, mlango ukagongwa taratibu mara mbili.

Afisa alikuwa mtu mfupi wa makamo, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Serikali ikikuletea mkali unajua pa kushika; huyu aliomba maji ya kunywa na kushukuru. Mama Faili alikuwa amevaa gauni pana, akakaa upesi nyuma ya meza, kwa kuwa mume anayesubiriwa na mtoto naye haonekani mtalii. Unene wake ulimsitiri.

"Naomba ruhusa nitazame kidogo, mama."

"Karibu tu, afisa."

Akafungua kabati, akalifunga. Akaingia bafuni, akatoka. Alisimama mbele ya ukuta palipobaki alama ya mraba, nyeupe kuliko rangi ya pembeni.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kalenda."

"Mwaka bado haujaisha," alisema afisa kwa upole, akaandika.

Alikaa mkabala naye, akafungua jalada. Mama Faili, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa akisoma karatasi za watu kichwa chini miguu juu kupitia dirishani, aliziona nafasi mbili kwenye fomu. Ya kwanza ilisema: ndoa ni ya kweli? Ya pili: mwombaji anatarajiwa kurudi kwao? Hakuwa amewahi kufikiri kuna swali la kwanza.

"Mumeo aliishi hapa karibu miezi mitatu," afisa alisema.

"Ndiyo."

"Ameacha nini?"

Mama Faili akageuka kuitazama ile alama ya mraba ukutani. Afisa hakumharakisha.

"Mama, nimezunguka nyumba nyingi. Hata mtu akifariki huacha kandambili. Humu sioni mwanamume."

"Cheti cha ndoa mnacho."

"Cheti ninacho. Vyeti vinanunuliwa." Kalamu ikaandika kwenye nafasi ya kwanza: hapana.

Hapo mdomo ukafunguka wote. Alisema vitu viko kwa dada, alivipeleka mwenyewe, picha, viatu, kila kitu, afisa avuke uani akaone.

"Ulivipeleka kwa nini?"

"Ili muone kwamba atarudi kwao."

"Kumbe ukiviacha, tungeona harudi."

Mama Faili angeweza kunyamaza, na kwenye faili asingekuwa na mume. Hilo lilimuuma kuliko hofu yenyewe. Alishika ukingo wa meza, akainuka polepole, akalivuta gauni nyuma kwa mikono miwili mpaka tumbo likajichora lote.

"Ndoa ni ya kweli," alisema.

Afisa aliweka kalamu chini. Uso wake ulilegea, na kwa dakika nzima alionekana kama mjomba wa mtu.

"Wiki ngapi?"

"Thelathini."

"Hongera sana, mama."

Akalifuta lile hapana, akaandika ndiyo juu yake, na kuweka saini ndogo pembeni. Kisha akateremka kwenye nafasi ya pili, akaandika kwa mwandiko mzuri, bila haraka: mtoto anatarajiwa, mwombaji hatarajiwi kurudi.

"Saini hapa kwamba nimefika," alisema.

Akasaini. Afisa alikuwa bado ameinama mlangoni akifunga kamba za viatu simu ilipoita, na jina la mume likatokea kwenye kioo. Mama Faili aliiacha iite mpaka mgeni akatoka uani.

"Wamekuja?" mume aliuliza.

"Wamekuja."

"Wamesemaje, mke wangu?"

Alikaa kitandani.

"Wamesema hongera."