Cheo cha Dhahabu cha Bwana Ok

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, Ok Seung-tae alifungua programu inayosimamia mtandao wa kiwanda kizima. Kiwanda kilifuma taulo hapa jijini Daegu: za mahoteli, na zile zinazochapwa majina ili wageni wagawiwe kwenye sherehe ya mtoto kutimiza mwaka. Ndani ya programu hiyo watu walikuwa wa aina tatu. Msimamizi alibadilisha chochote, mwendeshaji alibadilisha machache, na mtazamaji alitazama tu. Waliobuni programu walidhani mtu hupewa ruhusa kulingana na kazi anayoifanya. Bila shaka hawakuwahi kuajiriwa Daegu.

Ok alikuwa mkuu wa kitengo kwa muda mrefu mno. Wote walioajiriwa pamoja naye walikuwa wakuu wa idara sasa, na mmoja alikuwa akimwita "we Ok" mbele ya watu. Alichotaka maishani ni kupanda ngazi hiyo moja. Kila sikukuu ya mavuno, Chuseok, mama mkwe alimjazia sahani vitumbua vya mchele vya songpyeon huku akimuuliza kwa upole wa kuua, "Bado tu, mwanangu?"

Mwenye kupandisha watu alikuwa Mkurugenzi Tak. Ndiyo maana siku Tak aliposimama nyuma ya kiti chake na kuvaa miwani, Ok aliketi wima.

"Huyu wa juu kabisa ni nani?"

"Mimi, Mheshimiwa. Msimamizi."

"Na mimi?"

"Mtazamaji, Mheshimiwa. Kwa kuwa huna haja ya—"

"Yaani wewe uko juu yangu?"

Kabla ya chakula cha mchana Tak alikuwa msimamizi pekee. Ok alijiteremsha kwa mkono wake mwenyewe, akiinamisha kichwa kila alipobofya. Programu ilimwambia Tak kwamba nenosiri alilochagua ni dhaifu. Akaliona hilo kuwa tusi, akatunga jingine lenye nguvu sana.

Haikupita wiki, Tak akaingia kutembea katika himaya yake. Akakuta vifaa vyenye majina ya ajabu, herufi na tarakimu tupu. Akaamua ni wezi wa mtandao, akavifukuza vyote. Ilikuwa mitambo ya kufumia. Kelele iliyokuwa ikitoka chini tangu kiwanda kizaliwe ikakatika, na watu wakaanza kusikiana wakitafuna.

"Virudishe!" Tak alifoka.

"Sina ruhusa, Mheshimiwa. Ni wewe peke yako. Ingia tu."

Tak akaandika nenosiri lake lenye nguvu. Akakosea. Akakosea tena, akakosea kwa hasira, na programu ikamfungia nje.

"Iambie mimi ni mkurugenzi."

"Haijui vyeo, Mheshimiwa."

Nyuma ya kisanduku kikuu cha mtandao kuna kitundu kidogo cha kufuta kila kitu na kuanza upya. Ok alichomeka kibanio cha karatasi, akashikilia, na vyeo vyote vya kampuni vikafutika. Ilimbidi asajili kila mtambo na kila mtu upya. Alipofika kwenye jina la Tak, akaacha kuandika. Akimrudishia usimamizi, mitambo itakufa tena, na lawama itamwangukia yeye. Akimnyima, afute ndoto ya kupanda.

Ndipo akagundua kwamba programu inaruhusu kutunga cheo kipya na kukipaka rangi. Akaandika: Mlezi Mkuu wa Mtandao Wote. Akakipaka dhahabu, akakiweka juu ya vyote. Kazi yake: kutazama.

Tak alikiangalia, mikono nyuma. "Mlezi," alisema. "Hii imekaa vizuri."

Wakuu wa idara wakaja mmoja mmoja wakidai dhahabu, nao wakawa Walezi Waandamizi. Ok alibaki mwisho wa orodha, kijivu, akiwa na ruhusa zote. Msaidizi wake, Bong Ye-rin, alipouliza mantiki ya mpango huo, Ok alimjibu kwa fahari, "Mdogo wangu, mkubwa haguswi wala hagusi. Anapambwa."

Mwaka mpya ulipoingia, Tak akampandisha, na Ok akamsajili Ye-rin naye kuwa msimamizi ili amsaidie. Kiwanda kikafuma taulo zenye jina lake na maneno "Mkuu wa Idara". Mama mkwe alichukua mbili, moja akaitundika sebuleni kwenye fremu.

Jumatatu Ok alifungua programu ili arekebishe mtandao wa chumba cha mikutano. Kitufe hakikubofyeka. Akabofya tena.

"Ye-rin! Njoo uone, imeharibika."

"Haijaharibika, Mkuu." Msichana akainama kwa heshima zote. "Nilikuhamisha Ijumaa. Sasa wewe ni Mlezi Mwandamizi."

"Nirudishe!"

"Chini? Nikuweke chini yangu, Mkuu? Mkurugenzi akiona je? Basi twende tukamwambie kwamba dhahabu haifanyi kitu."

Ok akainuka kuelekea mlangoni. Kupitia kioo alimwona Tak ofisini kwake, amevaa miwani, akiitazama orodha kwa tabasamu la baba anayehesabu wanawe. Ok akarudi kuketi.

"Chumba cha mikutano hakishiki mtandao," alisema.

"Nitakirekebisha, Mkuu. Wewe tazama."

Alitazama. Jina lake liling'aa pale juu. Baadaye alilipiga picha na kumtumia mama mkwe.