Makaburi Kumi na Moja Kando ya Trinity

Ukitoka Dallas kwenda Houston kwa njia kubwa hutauona mji wetu. Lazima uiache ile lami pana, ushike njia ya misonobari mpaka darajani, na ukishavuka daraja kuna kibao kinachosema mji una watu wangapi. Kibao kile tulikikuta na tukakiacha. Namba yake haijabadilika, ingawa sisi tulikuja na tukaondoka.

Historia ya mji niliipata kwa jirani yangu wa mkabala, mama wa Kimarekani mweusi, rika langu. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu na Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini yeye alisema taratibu, na kwa mikono pia. Akanambia zamani meli za moshi zilikuwa zikipanda mto wa Trinity mpaka pale kuchukua marobota ya pamba, na waliolima pamba hiyo ni bibi zake, wakiwa watumwa, kisha wakiwa huru kwa jina. Reli ilipojengwa ikapita mbali. Meli zikakoma, maduka yakafungwa moja baada ya moja, watu wakahama. Miaka mingi baadae kikaja kiwanda cha kuku.

"Na nyinyi mkaja na kuku," akasema, akacheka mpaka akashika kiuno.

Kweli tulikuja kwa ajili ya kuku. Mume wangu na mwanangu walipata kazi ya kuwatundika kwenye kulabu, habari ikawafikia watu wetu wa Unguja na Mombasa, na baada ya miaka michache tulikuwa nyumba tisa. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa wanawake, wakaniita Bi Mkubwa. Kila mtoto aliyezaliwa nilimjua jina, na la babake, na la babu yake, na amerithi jina la nani. Mume wangu akinitania mbele ya wageni: "Huyu bibie muulizeni hata jina la kuku mliyemla mchana, atakutajieni na ukoo wake."

Majina yenyewe hapa siyaandiki. Wenyewe hawapo niwaombe ruhusa, na watoto wao wametawanyika.

Wa kwanza kufa alikuwa mtoto wa siku nne. Makaburi ya Kiislamu yalikuwa mbali, na mama yake hakutaka mwanawe alazwe asikoweza kufika kwa miguu. Jirani yangu akasema na wazee wa kanisa lake, wakatupa kona ya chini ya makaburi yao, upande wa mto. Tukamzika kwa sanda, ndani ya mwanandani, kijiti kichwani na kijiti miguuni. Baada yake wakafuata wengine. Wa sita alikuwa mume wangu. Moyo ulimsimama akiwa mlangoni anavua viatu vya kazi.

Msimamizi wa makaburi yale, mzee wa watu, alikuja siku ya arubaini ya mume wangu na vibati vidogo vya chuma, vya kuchomeka ardhini na jina juu yake. Bure, wala hakutaka kitu. Vijana wetu walivitaka. Mimi nikakataa.

"Vya nini?" nikawauliza. "Atakayewaita siku ya Kiyama hasomi vibati. Na nyinyi mkitaka kujua nani kalala wapi, mimi nipo."

Mmoja akasema, "Na wewe ukifa, Bi Mkubwa?"

"Nitakuachia wewe, ukishaacha kusahau funguo za gari."

Watu wakacheka, yakaishia hapo. Mzee wa watu akavirudisha vibati vyake kwenye mfuko.

Na sikusema uongo. Kila Ijumaa nilikuwa nikiteremka na chupa ya maji, nikianzia kwenye waya wa uzio, kwa yule mtoto, nikimtaja na kumsomea Fatiha, nikenda kwa wa pili, mpaka wa kumi na moja aliyekuwa chini ya mti mkubwa. Mume wangu alikuwa safu ya pili, kulia kwa mama mmoja wa Makadara aliyekuwa akigombana naye kila siku kuhusu siasa. Nikiwaambia, haya, nyamazeni sasa.

Kiwanda kikafungwa. Walioweza kazi za maghala wakenda Garland, jirani na Dallas, na mwanangu akiwa mmoja wao. Wengine wakenda Houston kuendesha magari na kuuguza wazee. Jirani yangu akafariki. Nyumba nane zikawa tupu, yangu ya tisa, na mimi nikakaa humo miaka miwili zaidi kwa sababu ya Ijumaa zangu. Ndipo mjukuu wangu, binti wa mwanangu, ambaye ni nesi, alipokuja kunichukua. Nikahamia kwake Sugar Land, pembeni ya Houston. Mwanzo alinipeleka kila mwezi. Baadae kila Idi.

Mvua ile haikunyesha kwetu. Ilinyesha juu, Dallas, kwa mwanangu, wiki nzima, na Trinity ukayateremsha maji yote. Ukauma kingo mpaka ndani ya kona yetu. Kaunti ikatuma barua kwa mjukuu wangu, kwamba makaburi yote ya upande wa mto yatafukuliwa na kuhamishiwa mlimani kabla mto haujarudi, na ndugu waje wayatambue.

Usiku kucha sikulala kwa matayarisho. Nilikuwa nayo majina kumi na moja kwa mpango wake. Niliamini kazi yangu ndiyo hii, niliyowekewa tangu siku ya vibati.

Tulipofika sikupajua. Uzio haupo. Mti mkubwa umelala mtoni, mizizi juu. Vijiti vimekwenda, vilima vimesawazishwa, na juu yake tope limekauka na kupasuka kama uji uliokaukia sufuriani. Nilisimama nikatafuta pa kuanzia, na pa kuanzia hapakuwapo.

Bwana wa kaunti alikuwa na adabu. Alinivulia kofia. Alishika ramani yenye makaburi ya kanisa, na kwenye kona yetu palikuwa peupe. Mjukuu wangu akamfasiria majina yangu yote, naye akayaandika, akauliza herufi. Kisha akauliza, yupi yuko wapi?

"Bibi," mjukuu wangu akaninong'oneza, "onyesha tu. Onyesha Babu, hata kama una-guess. Nani atajua?"

Nikanyanyua mkono. Wallahi niliunyanyua. Nikamfikiria yule mama wa Makadara, wanawe wako Houston hiyohiyo, wanakuja kumzuru mama yao na chini yake yuko mume wangu. Au si mume wangu wala si yeye, ni mtoto wa siku nne. Nikaushusha mkono.

"Mwambie sijui."

"Bibi, wewe unajua kila kitu."

"Mwambie."

Bwana yule hakuhitaji kuambiwa, aliniona. Akaeleza kwamba jina lisilo na kaburi haliwezi kuwekwa juu ya kaburi, ndiyo sheria. Watawekwa mlimani safu moja, kwa namba. Nikamuuliza kama sasa naweza kupata vile vibati. Akanitazama, hakuelewa nasema vibati gani, na mjukuu wangu naye hakuelewa.

Walifukua baada ya siku kumi. Sikwenda. Bwana yule akampigia mjukuu wangu, akasema walichimba kila mahali, chini mpaka kwenye udongo mgumu, na kwa vile tulizika bila masanduku, walichokipata ni kidogo. Walipata watu tisa. Wawili mto ulikwishawachukua.

Sheikh wa hapa alinifuata nyumbani, akaniambia dua haipotei njia. Nikamwitikia. Akanywa chai, akaenda zake. Tangu siku hiyo nawataja wote kumi na moja baada ya alfajiri, na kila nikifika kwa mume wangu nasita, sijui kama namtaja aliyeko mlimani au aliyeko mtoni.

Jumapili mwanangu akanipigia kutoka Garland. Yeye hakuweza kuja, ghalani hawampi ruhusa. Alikuwa na swali moja tu.

"Mama, Baba yumo kwenye hao tisa?"

Mjukuu wangu alikuwa amekaa karibu yangu, akaacha kula.

"Yumo," nikasema.

"Alhamdulillahi. Basi Idi nitakuja nimzuru, nikuchukue twende pamoja. Namba ngapi?"

Nikamwambia namba nne.

"Nilijua wewe huwezi kusahau," akasema mwanangu, na nikamsikia analia.

Idi ni wiki tatu kutoka leo.