Mpishi Asiyependa Bakuli Lisubiri

Bijou, mhudumu wa mgahawa wa tambi za Kijapani pale Soho, hakulijua jina la mpishi. Aliijua mikono yake. Mpishi alikung'uta kichujio cha tambi mara tatu, akainamisha sikio kama anayesikiliza mvua ya mbali, ndipo akamimina. Mvuke ulimfunika hadi mabegani, ungedhani anaelea. Bakuli likikaa bila kuguswa, alikuja mwenyewe kuliondoa.

Jumamosi moja mama yake Bijou alikuja kutoka Tottenham kula hapo kwa mara ya kwanza. Bakuli lilipofika, alikunja mikono, kwa kuwa wageni watano asiowajua waliokaa naye kwenye benchi walikuwa hawajaletewa. "Mama, kula, tambi zitavimba." "Nile hawa wakinihesabia matonge? Nani alikulea, wewe?" Mpishi akatokea, akalichukua bakuli, na Bijou akatamani ardhi immeze kwa aibu ya mama yake. Lakini mpishi aliwatazama wale watano mmoja mmoja, akarudi ndani ya mvuke wake. Mabakuli sita yalitoka pamoja. "Karibuni," mama akawaambia wageni, nao, bila kulijua neno hilo la Kiswahili, wakaanza kula pamoja naye.