Vikapu Viwili vya Pareto

Mwaka ule wa sabini na mbili, pale kijijini Bahati hakuna aliyemshinda Mugure kuchuma maua ya pareto. Wenzake wakimaliza kikapu cha kwanza, yeye yuko kwa cha pili. Walimtania kwamba anawaharibia kazi.

Miezi miwili nyuma alikuwa hawezi hata kutandika kitanda. Alipojifungua, huzuni ilimwingia akageukia ukuta. Daktari wa mjini Nakuru akampa vidonge vya kuondoa huzuni, kimoja kila jioni, na mama mkwe wake, Rahab, ndiye aliyevitunza. Alipoona vikapu vinajaa, mama mkwe alimshukuru Mungu, akaanza kumpa viwili. Kama kimoja kimemwinua, viwili si vitamsimamisha kabisa?

Kumbe Mugure alisimama kwa kuwa hakuweza kukaa. Ilikuwa kama siafu wameingia ndani ya mifupa ya miguu. Akiketi kumnyonyesha mtoto, hata mtoto hajavuta mara tatu, Mugure amesimama, ziwa limechomoka, mtoto analia. Azunguke nyumba, arudi, aketi, asimame tena. Mapaja ya mtoto yakaanza kulegea.

Mtoto naye ni Rahab, amepewa jina la bibi yake kama ilivyo desturi, na wenye jina moja huhesabiwa mtu mmoja, ndiyo maana mama mkwe alipenda kumwita Mugure "mama". Asubuhi moja alimwita hivyo bila utani, akisema kwa kinywa cha mtoto.

"Mama, mbona unaninyima? Utaniua na njaa."

Mugure akalia, akitembea. Akasema si yeye anayenyima, ni miguu, tangu vile vidonge.

Wakaenda zahanati. Sista Chepkorir alimpima mtoto, lakini macho yake yalikuwa kwa miguu ya mama, iliyokuwa ikikanyaga simiti papo hapo kama mtu anayeponda udongo. Akauliza anameza vidonge vingapi. Mama mkwe akajibu kwa fahari: viwili, na shambani hashikiki.

"Hiyo si bidii, mama," sista akamwambia polepole. "Ni dawa. Huwafanya hivi watu wachache sana, lakini huwafanya."

Akampigia daktari simu. Vidonge vikapunguzwa kidogo kidogo, kisha vikabadilishwa.

Wiki ya tatu, jua likiwa limeshapanda, Mugure alikuwa bado ameketi kwa kigoda. Mtoto alinyonya la kushoto, akahamishiwa la kulia, akalala nalo mdomoni. Mama mkwe aliwatazama kutoka mlangoni. Akachukua kikapu kitupu, akaenda kuchuma mwenyewe.