Wabwile, Mpiga Mbiu wa Kitale

Wabwile alikuja Kitale kubeba magunia. Mahindi yakishavunwa, maghala ya mji ule hujaa hadi milangoni, na kijana mwenye mgongo imara kutoka Bungoma hakosi kibarua. Alibeba kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, na njia nzima alikuwa akipiga kelele, "Mzigo! Pisha, mzigo!" Sauti yake iliwafanya wenye maduka watoke kuchungulia wakidhani kuna ajali. Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye magunia.

Aliyeitia maanani ni Hawo, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Kila Iddi, Hawo na akina mama wenzake waliwapikia watoto pilau uwanjani, wa Kiislamu na wa Kikristo bila kubagua. Lakini watoto wa Kipsongo, mtaa wa mabanda, walikuwa wakichungulia kwa mbali tu, hawajui kama nao wamealikwa. Basi mwaka mmoja akamwita yule mbeba magunia, akampa kipaza sauti cha kushika mkononi, alichokiazima kwa kamati ya wafanyabiashara.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Wabwile, mama."

"Haya Wabwile, zunguka mji mzima, ufike hadi Kipsongo. Sema kesho ni Iddi, watoto waje uwanjani, kula ni bure. Utaweza?"

"Hiyo ni kazi kidogo tu, mama."

Akazunguka kweli. Sasa, huko kwao Bungoma, l na r ni ndugu wa nyumba moja: ukimwita huyu, huitika yule. Na ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi. Wabwile akajaza kifua, akapaza: "Kesho uwanjani! Kura ni bule! Kira mtu aje, kura ni bule!"

Asubuhi Hawo alipofika na masufuria yake, alikuta foleni ndefu ya watu wazima, vitambulisho mkononi. Mzee mmoja alikuwa ametoka Endebess alfajiri na kigoda chake.

"Mama," yule mzee akamuuliza, "makarani wako wapi? Sisi tumechoka kungoja."

Hawo akamgeukia Wabwile. Wabwile akainamisha kichwa.

"Mimi nilisema kura, mama," akajitetea. "Kura chakura!"

Hawo alicheka mpaka akalazimika kushika sufuria asianguke. Kisha akatuma watu wakaongeze mchele, na siku ile wapiga kura wakala pilau pamoja na watoto, mkeka mmoja. Yule mzee wa Endebess alirudi kila Iddi baada ya hapo, na hakuna aliyemuuliza umri wake.

Tangu hapo hakuna shughuli iliyofanyika katikati ya mji bila Wabwile. Mvua za Machi zikikaribia, wenye maduka ya pembejeo walifanya siku ya mbegu, na yeye ndiye aliyewaita wakulima. Ikifika Agosti ya mwaka wa tohara, hakuna aliyemwona; alikuwa kwao Bungoma akicheza na kuimba nyuma ya wavulana wenye njuga, na Kitale ikakaa kimya kama nyumba iliyoondokewa na mgeni. Disemba alikuwa amerudi. Hapo wafanyabiashara walifunga barabara moja, magari yasipite, wakatundika taa za rangi kutoka paa hadi paa, na kwaya za makanisa zikashindana hadi jioni. Wabwile alisimama juu ya meza akizitaja moja moja, akiwatafutia watoto waliopotea mama zao, akiwatania wenye duka waliofunga mapema. Mkewe, Wilkista, fundi wa kushona, alikuwa akisema kwamba alimpenda wiki nzima kabla hajamwona. Alikuwa ndani akishona, na ile sauti ikawa inapita dirishani.

Mtoto wao Pauline alikuwa amemaliza shule ya msingi sauti ilipoanza kukwaruza. Wabwile alikunywa asali, akatafuna tangawizi, akafunga shali shingoni hata jua likiwaka. Haikusaidia. Daktari alimwonyesha picha ya uvimbe kwenye nyuzi za sauti, nao ukatolewa salama kule Eldoret. Haukuwa ugonjwa wa kuua. Lakini sauti iliyobaki ilikuwa ya mnong'ono tu, kama mtu anayesema kanisani wakati wa maombi.

"Ukilazimisha kupiga kelele," daktari akamwambia, "hata hii kidogo utaipoteza."

Akarudi nyumbani, akakaa. Kipaza sauti akakirudisha kwa kamati ya wafanyabiashara bila kuaga mtu. Wakati wa Iddi alijifungia ndani. Siku ya mbegu ilipofika alienda kulima shamba la shemeji yake, ingawa hakuna aliyemwomba. Kamati ilimpata Levi, kijana mwenye spika kubwa mbili na maneno ya haraka, na hakuwa mbaya.

Disemba, Hawo alibisha hodi nyumbani kwake. Alikuwa mama mtu mzima sasa, anatembea polepole, na binti yake Sumeya ndiye aliyemshika mkono.

"Baba Pauline, umetuhama?"

"Mama Sumeya," Wabwile akanong'ona, "mimi sasa ni ledio imeisha betili. Nitakuja kufanya nini?"

"Nani amekwambia nataka redio? Nina viti vya kupanga, na vijana wa siku hizi wakipanga viti viwili wanaangalia simu. Nataka mikono. Au nayo daktari alikata?"

Wilkista akacheka kule jikoni. Wabwile akajaribu kununa, ikamshinda, akavaa viatu.

Siku ya kwaya akapanga viti, kichwa chini, akikwepa macho ya watu. Mambo yakaenda vizuri hadi alasiri, barabara ilipojaa watu. Akiwa anabeba benchi, akamwona msichana mdogo, labda wa miaka minne, amesimama chini ya kibaraza akilia bila machozi, kwa vile yalikuwa yamekwisha. Alipoulizwa jina la mama yake alisema, "Mama."

Wabwile akampeleka kwa Levi. Levi akatangaza, akarudia. Lakini kwaya ilikuwa jukwaani, jenereta inanguruma, na kila duka la simu limefungulia muziki wake. Tangazo likapotea mle kama chumvi ndani ya ziwa. Mtoto akamng'ang'ania suruali.

Wabwile akafungua kinywa. Ukatoka upepo tu. Kisha akachuchumaa, akambeba yule mtoto mabegani, akaingia katikati ya barabara na kuanza kutembea polepole, mtoto akiwa juu watu wamwone.

Wa kwanza kumwona alikuwa Mathenge, muuza viatu.

"Si huyo ni Wabwile? Mbona amebeba mtoto na hasemi?" Kisha akaelewa, akatia mikono mdomoni. "Mtoto amepotea! Mtoto wa nani huyu?"

Muuza matunda akaipokea mbiu hiyo. Kinyozi akatoka na mashine yake mkononi, akaipokea. Kila alipofika Wabwile, watu walimtazama, wakamtazama mtoto, wakapiga mbiu kwa niaba yake, hata ikatangulia mbele yake mtaa mzima. Duka moja la simu likazima muziki, na la pili likafuata. Kwaya yenyewe ikasita.

Kutoka upande wa stendi akaja mwanamke mbio, kiatu kimoja mguuni. Alikuwa Dinah, mkulima wa Ndalu, aliyekuja kusikiliza kwaya ya kanisa lake, na alikuwa amemtafuta mwanawe upande ambao hakuwako. Alimpokea mtoto, akamchapa kidogo matakoni, akambusu, kisha akamkumbatia Wabwile mwenyewe, akilia begani kwake.

Wabwile akakaa kwenye ngazi ya duka. Naye machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta. Levi akaja akihema.

"Mzee, nilitangaza bana, hawakusikia."

"Si makosa yako," Wabwile akanong'ona, akimvuta akae. "Mji uko na kerere mob, nyingi sana."

Baada ya sikukuu, kamati ikamtafutia kazi yake. Levi akabaki na spika, na Wabwile akapewa hema dogo la bluu kwa ajili ya watoto waliopotea, kila msimu, Iddi na Krismasi na siku ya mbegu. Wilkista akalishonea mapazia. Hawo akaleta mkeka, na birika la chai ya maziwa, na sinia la mahamri.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Iddi iliyofuata, kabla ya adhuhuri hema lilikuwa limejaa. Watoto walikaa wamemzunguka Wabwile, ambaye alikuwa akiwasimulia hadithi kwa mnong'ono, nao wameinama kumsikiliza, vinywa vimejaa mahamri. Hawo akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Wewe," akamwambia mvulana mmoja mnene, "si mama yako ndiye yule pale anauza maji?"

Mtoto akageuka, akamwangalia mama yake, naye mama akampungia mkono.

"Nimepotea," mtoto akasema, akachukua hamri jingine.