Pini Nne za Ziada

Fundi kompyuta alikuwa hoi bin taabani, anafunga duka, mara shemeji yake akatokea amekumbatia kompyuta ya enzi za mababu na pawasaplai mpya ya kuifunga humo iipe umeme.

“Niangalizie kama vinaoana, shemeji. Bodi ina matundu ishirini, plagi ilikuja na pini ishirini na nne.”

“Vinaoana,” fundi akajibu, hata kunyanyua kope kazi. “Pini nne za pembeni unazibandua kwa ukucha tu.”

“Ukucha? Mimi nimekata kwa msumeno!”

Fundi akaishika plagi. Zile nne za kubanduliwa bado zilikuwapo, nzima kabisa. Msumeno ulipita upande wa pili. Akavuta kigoda, akaketi.

“Lakini si zimebaki ishirini, shemeji?” mwenzake akasema. “Hebu zihesabu.”